Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: vifaranga vya kamba vipimwe kabla ya kuingia

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mtwara. Huku kwetu tunafuga mwatiko kwenye mabwawa yaliyo kando ya mashamba ya chumvi, na kila maji ya bamvua yanapopita langoni, kamba wadogo huingia nayo bila kualikwa. Hukua humo humo, tukawavua pamoja na samaki, na siku ya mnada hao ndio hugombewa. Kwa hiyo Serikali inapohimiza ufugaji wa kambamiti, sisi hatuna haja ya kushawishiwa. Ninachouliza ni jambo linalotangulia: vifaranga vitatoka wapi, na nani atavipima?

Mwaka 2009 wafugaji wa China walianza kuona kamba wakifa wiki chache tu baada ya kupandikizwa, kwa ugonjwa uliokuja kuitwa EMS, yaani ugonjwa wa vifo vya mapema vya kamba. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Vietnam, kisha Malaysia, kisha Thailand, na mwaka 2013 ugonjwa ukathibitishwa Mexico, ng'ambo ya Pasifiki. Kwa muda huo wote hakuna aliyejua chanzo chake. Huko Vietnam wengine walishuku viuatilifu vya mashambani. Ni mwaka huo wa 2013 ndipo timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona ilipobaini kuwa ni bakteria, Vibrio parahaemolyticus. Thailand, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamba duniani, ilipoteza takriban nusu ya mavuno yake.

Bakteria huyu ni mwenyeji wa maji ya chumvi yenye joto, na hata katika maji yetu jamii yake imo. Hatari iko kwa wale waliobeba plasmidi, kipande kidogo cha vinasaba chenye maelekezo ya kutengeneza sumu mbili, PirA na PirB. Kipande hicho huweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Maana yake ni kwamba ukileta vifaranga vyenye ugonjwa, unaweza pia kuwafundisha bakteria wa hapa kuua.

Mfugaji hana njia rahisi ya kuuona mapema. Kamba wanaokufa huzama, kwa hiyo juu ya bwawa maji yametulia na kila kitu kinaonekana salama. Dalili ya kwanza huwa sinia la chakula linalotolewa majini likiwa bado limejaa. Mchukue kamba mmoja umtazame: gamba limelegea, utumbo ni mtupu, na ile tezi ya kichwani ambayo kwa kawaida ni laini na ya kahawia imenywea na kupauka, wakati mwingine ina michirizi myeusi, na ukiiminya kwa vidole haipondeki. Ukifika hapo umechelewa. Bwawa lote linaweza kuisha.

Nimewahi kusikia kwenye semina mtu akisema kwa kujiamini kwamba dawa ni klorini. Klorini huua kila kilichomo majini, wakiwemo viumbe wadogo wanaoshindana na Vibrio. Kisha Vibrio, kwa kuwa huzaliana haraka kuliko wengi wao, hurudi wa kwanza na kukuta shamba tupu. Antibayotiki nazo huzaa usugu, na masalia yake kwenye nyama ya kamba yanatosha kurudishiwa shehena kutoka Ulaya. Wafugaji wa Asia waliopata nafuu walipunguza wingi wa kamba bwawani, wakaondoa kinyesi na mabaki ya chakula kupitia shimo la katikati ya bwawa, na wengine wakatumia maji yaliyokaliwa na perege. Lakini wote walianza na vifaranga safi.

Hapa ndipo ofisi yako inapohitajika, Mheshimiwa. Mambo ya chakula na usafi wa bwawa niachie mimi. Mkondo wa bahari sio wangu peke yangu. Maji ninayoyatoa yakikupwa, jirani yangu anayaingiza yakijaa. Mmoja wetu akinunua vifaranga vya bei rahisi visivyojulikana vilikotoka, uangalifu wa wengine wote umekwenda na maji, na ugonjwa unaingia mikokoni kwa kamba wa porini wanaotegemewa na wavuvi ambao hawajawahi kumiliki bwawa. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji walipigwa na ugonjwa wa madoa meupe mwaka 2011, na Madagaska mwaka uliofuata. Ule ni wa virusi, mlango wake haufanani kwa kila kitu na huu, ila umetuonyesha kwamba pwani yetu haina kinga ya umbali.

Kibali cha kuingiza samaki hai kinatoka serikalini. Naomba kisitolewe kwa vifaranga wala kamba wazazi kwa kutazama cheti cha muuzaji peke yake. Wakae karantini, wapimwe tena hapa kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, na majibu yatangazwe. Maabara ya Taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, Mwanza. Sampuli ya kamba wa Mtwara haiwezi kusafirishwa nchi nzima kusubiri majibu huku bwawa linakufa. Wakala wa Maabara ya Veterinari yupo Temeke. Kama ana uwezo wa kupima ugonjwa huu, wafugaji waambiwe sampuli inapelekwaje na kwa gharama gani. Kama hana, apewe vifaa kabla ya mkopo wa kwanza wa kuchimba mabwawa ya kamba.

Na kwa nini tukimbilie vifaranga vya nje? Kamba wazazi tunao, delta ya Rufiji inajulikana kwa kamba wake, na Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Kituo cha kutotolesha, chenye wazazi wa bahari yetu waliopimwa mmoja mmoja, kingegharimu fedha na muda. Kwa maoni yangu ndiyo fedha ya kwanza kutumika, kabla ya makongamano ya wawekezaji.

Naomba majibu ya Wizara yabandikwe kwenye ofisi za uvuvi za wilaya zote za pwani, kuanzia Mkinga hadi Mtwara, ili hata asiye na simu ayasome.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa mwatiko, Mtwara