Herufi kubwa za viwanjani: tazameni miguu, si sura tu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie herufi kubwa zinazosimamishwa viwanjani ili watu wapige nazo picha. Michoro ya zabuni huonyesha sura na rangi. Msingi na njia za kutolea maji ya mvua huachiwa fundi akisie.

Anayeagiza aamue kwanza kama anataka za muda au za kudumu. Toronto, Kanada, iliweka herufi zake za mita 3 mwaka 2015 kwa ajili ya Pan American, michezo ya nchi za bara la Amerika, ziwe za muda tu. Watu wakazipenda, zikabaki, na mwaka 2020 ikabidi ziundwe upya.

Upepo wa mita 40 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Herufi ya mita 2.5 kwa 2 hupokea nusu tani na ushei. Zege la mita 2 kwa 1.2, unene sentimita 60, lina uzito wa tani 3.4 hivi na laweza kuizuia isipinduke, ila mhandisi apige hesabu ya udongo. P huelemea upande wa tumbo, kwa hiyo msingi wake uvutwe huko. O hugusa chini kwa nukta moja: ikatwe bapa au ichomelewe bamba la kitako.

Adui mkubwa ni maji. Hutuama ndani ya tumbo la U na kwenye mikono ya E, kisha kutu hula kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Toboa tundu la milimita 12 mahali pa chini kabisa, kabla ya kupaka rangi. Mabomba ya fremu nayo yawe na matundu kabla ya kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa ili yasishike kutu. Joto la huko ni nyuzi 450 hivi, na unyevu uliofungiwa hugeuka mvuke ukalipasua bomba. Zinki mpya isipokwaruzwa na kupakwa praima yake, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, rangi ya juu hubanduka.

Bamba la uso la milimita 3 lichomelewe kwa mishono mifupi ya sentimita 3, kwa kurukaruka. Mshono mmoja mrefu huupinda uso, na jua la jioni halifichi bonde hata moja.

Viwango vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto huhofia mianya ya kati ya milimita 89 na 230, ambamo kichwa hunasa. Tundu la A lipimwe kwa kipimo hicho, na nafasi kati ya herufi pia. Halafu watu watapanda, hata wakikatazwa kwa maandishi: mkono wa kati wa E upigiwe hesabu ya watu wazima wawili wanaorukaruka.

Fundi wa vyuma