Glukozi sio dawa ya moyo uliotanuka

Mhariri salaam, naomba nafasi niongee na ndugu zangu wa Mtwara na Lindi kuhusu hii tabia ya kumpelekea pakiti za glukozi mtu ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi, wenyewe tunasema moyo umetanuka. Huku Newala tunamuuguza mama mkubwa na karibu kila anayekuja kumjulia hali anakuja na glukozi, "mkorogeeni anywe apate nguvu", na anasema hivyo kwa mapenzi kabisa, wakati mgonjwa miguu imejaa, ukimbonyeza kwenye ugoko shimo linabaki palepale, na usiku analala kaegemea mito ndo apate pumzi.

Jamani, huo moyo haujakosa sukari. Moyo wenye afya nguvu zake nyingi, asilimia 60 mpaka 70 hivi, unazipata kwa kuchoma mafuta yaliyomo kwenye damu, sukari inafuata nyuma, na hauna akiba, ile nishati wataalamu wanayoiita ATP iliyopo kwenye moyo inatosha sekunde chache tu basi, kwa hiyo muda wote unatengeneza nyingine, inakadiriwa ni kama kilo 6 kwa siku. Sasa moyo ukishachoka, mitokondria, yaani zile sehemu za seli zinazochoma mafuta na sukari, zinafanya kazi vibaya, ATP inaweza kushuka kwa asilimia 30 hivi, halafu insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, nayo misuli ya moyo haiisikii vizuri, sukari imejaa kwenye damu ila kuingia ndani ikachomwe ndo shida. Ni bodaboda yenye tenki limejaa na kabureta imeziba, we unaongeza petroli.

Na hiyo glukozi mnaikoroga na maji, maji yaleyale daktari kasema apunguze, na kama ana kisukari ndo mnampandisha kabisa. (Mgonjwa anayetumia insulini akishukiwa na sukari hapo mpe haraka, hiyo ni kesi nyingine.)

Kuna kitu nataka wengi wakijue. Moyo uliochoka huwa unaanza kutumia zaidi ketoni, ambazo ini linazitengeneza kutokana na mafuta, na kuna dawa za kisukari, dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwenye mkojo na kupandisha ketoni kidogo. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti wa DAPA-HF, wagonjwa 4,744 wa moyo, zaidi ya nusu hawana kisukari kabisa, na waliopewa dapagliflozini hatari ya kuzidiwa au kufa kwa ugonjwa wa moyo ilipungua kwa asilimia 26. Kama ni kwa sababu ya hizo ketoni au kingine wataalamu bado wanabishana, ila faida imeonekana. Sasa asije mtu akamfungisha mgonjwa njaa eti apate ketoni, wala asiende duka la dawa kujinunulia, hizi dawa kwa baadhi ya watu wenye kisukari zinaweza kufanya damu ijae asidi na hiyo inaua, lazima daktari aamue.

Kingine ni madini ya chuma. Karibu nusu ya wagonjwa wa moyo wa aina hii wanapungukiwa chuma, hata ambao damu yao haijashuka, na bila chuma hizo mitokondria hazichomi vizuri, ndo maana mtu anachoka kwa kutembea mpaka chooni tu. Kwa hiyo mkienda kliniki ulizeni kama kipimo cha chuma kipo na kama zile dawa za kutoa sukari kwenye mkojo zinamfaa mgonjwa, msione aibu kumuuliza daktari.

Kwa wanaotaka kumbebea mgonjwa kitu, leteni samaki mbichi apikiwe bila chumvi, ng'onda hapana, ile chumvi yake inavuta maji mwilini. Au changieni nauli ya kliniki, wagonjwa wengi wanaruka tarehe kwa sababu ya hela ya gari.

Na nyie mhariri, mkimpata daktari wa moyo atuandikie bei ya hizo dawa na kwa huku kusini zinapatikana wapi mtakuwa mmetusaidia sana.

Mpwa wa mgonjwa,
Newala, Mtwara