Muziki uko bure, sasa mnatutoza nini?

Wiki iliyopita mteja katuandikia kwamba tumemwibia: kalipa shilingi 5,000 ajiandae na onyesho la okestra Dar es Salaam, kumbe simfoni zote, zile kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa, ziko mtandaoni. Kweli ziko. Sisi hatuuzi muziki wa mtunzi Beethoven. Unalipia jioni mbili hapa studio, spika zetu, karatasi ya mpangilio, na mtu wa kukuambia tega sikio hapa, na kwa nini.

Njia ya mkato tunaijua: kijana wa kibanda cha simu anakujazia memori kadi kwa buku. Kwaya moja ya hapa Tabora ilifanya hivyo, ikaja kwetu na flashi yake ikilalamika kwamba Simfoni namba 5 ya Beethoven haieleweki. Kuifungua, nyimbo zimejipanga kwa alfabeti! Sehemu ya tatu na ya nne zote zimeandikwa "Allegro", yaani ya haraka, ya kwanza "Allegro con brio", ya pili, ya polepole, "Andante con moto". Basi redio yao ikawa inaanza na sehemu mbili za mwisho na kumalizia na ile ya polepole. Na kati ya ya tatu na ya nne pana kimya, mahali ambapo Beethoven hakuweka kituo kabisa: timpani, zile ngoma za okestra, inagonga chinichini, vayolini zinapanda kidogo kidogo, halafu tromboni, tarumbeta za kuvuta, zinalipuka. Tromboni hizo, pamoja na pikolo (filimbi ndogo) na kontrabasuni (zumari kubwa ya sauti nene), hazijapiga hata noti moja tangu simfoni ianze. Ukikata pale umeharibu kazi yote. Tuliwarudishia kipande hicho mpaka mzee mmoja wa besi akasema, "Hebu tena, mwalimu."

Waliokulia na bendi zetu za dansi, Tabora Jazz na Nyanyembe, hawasumbui. Wanajua chemko, ile sehemu ya kuchangamka, halianzi wimbo.

Ila hasara kubwa tuliiona kwa Simfoni namba 6 ya mtunzi Mrusi Tchaikovsky. Sehemu ya tatu ni machi, inaisha kwa matoazi na ngoma kubwa, na kumbi nyingi watu hujikuta wakipiga makofi. Wateja wetu wawili, walioikataa jioni ya pili ili wabane matumizi, waliinuka hapohapo wakawahi daladala. Nauli ya treni kutoka Tabora, kiingilio, gesti, vyote wamelipa, halafu wameiacha sehemu ya nne, ya majonzi, inayofifia kwenye selo na besi, vile vyombo vya nyuzi vya sauti nene. Tchaikovsky mwenyewe aliiongoza mara ya kwanza St. Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, na siku tisa baadaye akafariki. Wenzetu walirudi wakasema, "Ilichangamka sana ile!" Tukanyamaza.

Simfoni namba 94 ya mtunzi Haydn haitupotezei muda. Tunakuonjesha mwanzo wa sehemu ya pili, ulio wa chinichini, tunazima kabla ya kishindo cha ghafla. Aliyeruka kwenye kiti akaja kutulaumu kwamba hatukumwandaa, ajue tulikusudia.

Bei haishuki. Kwaya za kuanzia watu kumi tunawafanyia 4,000 kwa kichwa, karatasi zikiwemo. Flashi ya kibandani ilete, tutakupangia upya bila malipo, ila siyo usiku wa kuamkia safari wakati sisi tuna kwaya nyingine inarekodi. Hiyo ina bei yake.