Barua ya Mwisho wa Muhula: Kiingereza cha Darasa la 11 na Kiswahili cha Nyumbani

Louisville, Kentucky
17 Desemba 2025

Wazazi na walezi wapendwa,

Shikamooni, na poleni na baridi. Shule inafungwa Ijumaa hii, tarehe 19, na itafunguliwa Jumatatu, tarehe 5 Januari. Ripoti za alama watakuja nazo watoto wenyewe. Zisomeni, muweke sahihi ukurasa wa mwisho, na zirudi siku ya kufungua. Asiyerudisha kitabu cha maktaba akirudishe kabla ya Ijumaa.

Hayo ni ya kila muhula. Lipo jingine ambalo nimelibeba tangu Oktoba, nalo ndilo linalonifanya niwaandikie kwa Kiswahili na kwa urefu.

Usiku ule wa wazazi kukutana na walimu, mama mmoja alikaa mbele yangu, akafunua daftari la Kiingereza la binti yake wa darasa la 11, akalitazama kidogo, kisha akalifunga. "Mwalimu," akaniambia, "hili mimi siliwezi. Kiingereza cha leo chenyewe kinanishinda, sembuse hiki cha miaka mia nne iliyopita. Nitamsaidia nini huyu mtoto?" Baada yake wazazi wengine watatu waliniambia jambo hilohilo, kila mmoja kwa maneno yake. Niliwajibu harakaharaka, nikawatia moyo, wakaenda. Lakini kutiwa moyo hakukuwa jibu. Muhula huu nimekaa mara nyingi nyuma ya madarasa hayo nikisikiliza, na jibu nimelipata humo. Mnaweza kuwasaidia, na wengine mmeshawasaidia bila kujua.

Kwanza niwaeleze wanachosoma. Darasa la 11 ndilo linalosoma fasihi ya Marekani kuanzia mwanzo wake: masimulizi ya wenyeji wa nchi hii, wasafiri wa karne ya 17, mashairi, hotuba, barua, mpaka Azimio la Uhuru la 1776. Sarufi haina kipindi chake peke yake. Inafundishwa ndani ya maandiko hayohayo, na mwaka huu tumeyapa uzito zaidi kwa sababu tarehe 4 Julai 2026 Azimio hilo linatimiza miaka 250.

Septemba walisoma habari za Plymouth, makazi ya Waingereza huko Massachusetts, kama zilivyoandikwa na William Bradford, aliyekuwa gavana wa makazi hayo. Meli ya Mayflower ilileta abiria 102 mwaka 1620, na karibu nusu yao walikufa baridi ile ya kwanza. Walioponea chupuchupu walisaidiwa na mtu aliyeitwa Tisquantum. Huyu alitekwa mwaka 1614, akauzwa Hispania, akafika London, akajifunza Kiingereza. Aliporudi kwao mwaka 1619 akakuta kijiji chake, Patuxet, kimemalizwa na maradhi. Plymouth ilijengwa palepale kijiji hicho kilipokuwa. Akawa mkalimani wa wageni waliokaa juu ya makaburi ya ndugu zake, akawafundisha kupanda mahindi.

Kijana mmoja ambaye hazungumzi darasani aliinua mkono siku hiyo. Alisema kazi ya ukalimani ameifanya tangu akiwa na miaka tisa: kliniki, ofisi ya nyumba, benki. Alisema shida hasa haiko kwenye maneno, iko kwenye kuamua umwambie mama yako nini kati ya yale aliyoyasema daktari. Kisha akauliza kama Tisquantum naye alikuwa akiacha mengine. Mwalimu aliweka kando alichokuwa amepanga, na saa nzima iliyobaki ikawa ya swali hilo. Insha aliyoiandika kijana yule wiki iliyofuata ndiyo bora niliyoisoma muhula huu. Kitabu peke yake kisingemfikisha pale. Alilijua jambo lile kwa kuliishi pamoja nanyi.

Oktoba wakamsoma mshairi Phillis Wheatley, na hapa nitakaa kidogo. Aliletwa Boston mwaka 1761 kwa meli ya watumwa. Meli iliitwa Phillis, na jina la meli ndilo alilopewa. Umri wake walikadiria kwa kumtazama kinywani: alikuwa ameng'oka meno ya mbele, wakasema ni mtoto wa miaka saba au minane. John Wheatley, mwenye nyumba iliyomnunua, aliandika baadaye kwamba ndani ya miezi 16 mtoto aliyefika bila neno moja la Kiingereza alikuwa akisoma hata sehemu ngumu za Biblia. Mwaka 1773 kitabu chake cha mashairi kilichapwa London, na ndani yake ikatiwa karatasi yenye majina ya wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, wakithibitisha kwamba ni yeye kweli aliyeyaandika. Watoto walipofika kwenye karatasi hiyo darasa lilinyamaza. Wengi wao wameshaulizwa na mtu, mahali fulani, "Hii umeandika mwenyewe?"

Mwalimu aliwagawia nakala ya shairi lake fupi la mistari minane kama lilivyochapwa mwaka ule. Zamani zile herufi s, ikiwa mwanzoni au katikati ya neno, ilikuwa na umbo linalofanana sana na f. Mstari wa tano unasema kuna watu wanaoitazama jamii yetu nyeusi kwa jicho la dharau, na neno la weusi hapo ni sable. Msichana aliyekuwa akisoma kwa sauti akasoma fable, yaani hekaya. Akasimama, akauliza: "Kwa hiyo wanatuona kama hadithi ya kubuni?" Mwalimu alimwonyesha ile herufi, na kijistari chake kisichokatiza upande wa pili kama cha f. Lakini pia aliliacha swali lake ubaoni mpaka kengele ilipolia, na alifanya vema.

Mstari wa saba na mwanzo wa wa nane ndio uliotupa somo zima la alama za kuandika. Ukiufuata neno kwa neno unasema: kumbukeni, Wakristo, Weusi, weusi kama Kaini, wanaweza kutakaswa. Je, Wakristo ndio wanaoambiwa wakumbuke habari za Weusi? Au Wakristo na Weusi wametajwa pamoja, kwamba wote wanahitaji kutakaswa? Mkato ndio uliobeba siri yote. Darasa lilikuwa limekwama mpaka binti mmoja akasema, "Ni kama Baba Juma na Baba, Juma." Ikabidi awaeleze wenzake wasiojua Kiswahili: "Baba Juma amekuja" ni mtu mmoja, mzazi wa Juma, ndiye aliyefika. "Baba, Juma amekuja" unamwambia baba yako kwamba Juma ndiye aliyefika. Kwa miaka yangu yote ya kufundisha, nikianzia Kigoma, sijasikia mkato ukielezwa vizuri kuliko hivyo. Mfano ule aliutoa sebuleni kwenu.

Ikaja zamu ya Azimio la Uhuru. Sehemu ya kati ni orodha ya mashtaka dhidi ya mfalme wa Uingereza, na sentensi baada ya sentensi inaanza kwa "He has". Wanaozungumza Kiswahili waliielewa upesi, kwa kuwa ni -me- yetu: amekataa, amezuia, amevunja. Tatizo lilitokea kwenye shtaka la kupora bahari, kuharibu pwani, kuchoma miji na kuangamiza maisha ya watu. Kiingereza kinataja "has" mara moja tu, kisha vitenzi vinne vinaitegemea. Watoto wetu waliiacha ile ya kwanza ikiwa sawa, zilizofuata zikapotea: "he ravage", "he burn". Walikuwa wakihukumiwa kuwa wazembe, kumbe hawakuwa hivyo. Kiswahili humpa kila kitenzi chombo chake: amepora, ameharibu, amechoma, ameangamiza. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili anatafuta kichwa cha kila kitenzi, hakioni, anababaika. Mwalimu, ambaye Kiswahili hakijui, aliwaomba waandike sentensi zote mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, wakachora mishale. Tangu siku hiyo kosa hilo limepungua sana kwenye daftari ninazopitia.

Makosa mengine mawili mtayaona yamezungushiwa wino, na naomba msiwakaripie kwa ajili yake. La kwanza ni kuchanganya he na she. Kwetu "yeye" ni yeye, awe mama au baba, kwa hiyo mtoto aliyeandika "my mother, he" anajua fika mama yake ni nani. La pili ni a na the. Hatuna maneno hayo, lakini jambo lenyewe tunalo. Mkisimulia hadithi mnasema, "Hapo zamani palikuwa na mzee mmoja," na mkirudi kwake mnasema "yule mzee". Mzee mmoja ni a, yule mzee ni the. Mtoto aliyelala akisikiliza hadithi za bibi yake ana tofauti hiyo masikioni. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba anayo.

Kwa hiyo nasema hili kwa uzito wote nilio nao. Wazazi wawili wameniambia kwamba huko nyuma walishauriwa waache Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza haraka. Aliyewashauri hivyo alikosea. Nimeona nyumba ambamo mama anaongea Kiingereza cha kuokoteza, mtoto anamjibu kwa neno moja moja, na jioni inapita bila mtu kumsimulia mwenzake chochote. Mtoto huyo anakuja darasani hana hadithi wala mfano, na hana kitu cha kulinganisha. Zungumzeni nao Kiswahili kizima, chenye methali, mabishano na mizaha. Kama nyumbani ni Kibembe, Kifuliiru au Kirundi, vivyo hivyo.

Shule nayo ina deni kwenu. Mwanzoni mwa muhula tuliwatumia orodha ya vitabu na maelezo ya kazi za nyumbani kwa Kiingereza peke yake. Ni kosa letu, na mimi ndiye ninayelibeba. Kuanzia Januari kila karatasi ya darasa la 11 itakuja pia kwa Kiswahili.

Likizo hii watoto wana kazi moja, nayo ni ya Benjamin Franklin, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru. Alipokuwa kijana alijifundisha kuandika hivi: alichukua makala nzuri, akaandika dondoo fupi za kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika upya makala yote kwa maneno yake na kuilinganisha na ya kwanza ili aone makosa yake. Kila mtoto amepewa ukurasa mmoja wa kumbukumbu za maisha ya Franklin afanye vivyo hivyo. Ninachowaomba ninyi ni hiki: katikati ya siku hizo za kusubiri, mwambieni awasimulie ukurasa huo kwa Kiswahili, na mumuulize maswali mpaka muelewe. Pale mtakapokuwa hamjaelewa, mara nyingi na yeye hajaelewa. Wale mliosoma Tanzania, Kenya au Uganda mtaona anaandika color bila u. Msimsahihishe. Tahajia hiyo ilienezwa na vitabu vya Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, na ACT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, unaifuata.

Januari pia kuna mtihani wa ACCESS kwa wanaojifunza Kiingereza. Tafadhali msipange miadi ya kliniki asubuhi za wiki hizo. Tarehe kamili zitawafikia kwa simu.

La mwisho ni mwaliko. Anne Bradstreet alivuka bahari kutoka Uingereza mwaka 1630 akiwa kijana, akazaa watoto wanane Massachusetts. Usiku wa tarehe 10 Julai 1666 nyumba yake iliungua, akaandika shairi. Anapita kwenye magofu akionyesha kwa kidole: hapa lilisimama sanduku, pale kasha, na kwenye meza hii hakuna mgeni atakayekula tena. Binti wa yule mama niliyemtaja alimsomea mama yake shairi hilo kwa Kiswahili, jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kumwonyesha binti yake, juu ya sakafu ya jikoni hapa Louisville, vitu vilikaa wapi katika nyumba yao ya Uvira, Kongo: pipa la maji pale, cherehani dirishani, kiti cha babu karibu na mlango. Binti alikuwa hajawahi kuyasikia hayo. Alichukua kalamu.

Alhamisi, tarehe 15 Januari, saa 12 jioni kwa hesabu yetu (kwenye karatasi ya Kiingereza itaandikwa saa 6), tutakutana maktaba. Watoto watasoma shairi hilo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na yule mama amekubali kuzungumza. Njooni na jina la kitu kimoja kilichokuwa ndani ya nyumba mliyoiacha. Watoto wadogo waje pia, kutakuwa na mtu wa kuwaangalia. Chai na maandazi vitakuwepo. Asiye na usafiri amwambie mwanawe alete jina ofisini kabla ya tarehe 12.

Nawatakia likizo njema,

Mkuu wa Shule