Volti na ampea hazipandi pamoja

Sahibu yangu, assalaam alaykum,

Meseji yako nimeiona, nakujibu kwa kirefu maana suala lenyewe halitoshi maneno mawili. Unauliza kama kile kipaneli chako cha sola cha volti 6 kitaendesha pampu ya volti 12 ya kumwagilia miche ukikifungia saketi ya kupandishia volti. Hakiendeshi yakhe, na tafadhali usimpe mtu pesa mpaka umalize kusoma hii.

Volti, yaani ule msukumo wa umeme, utazipata, hilo sibishi. Hata pawabenki ina saketi kama hiyo ndani, betri yake volti 3.7 na kwenye waya inatoa 5. Lakini hebu ichukue yako iliyoandikwa mAh 10,000 (ndo kipimo cha chaji inayobeba), igeuze nyuma usome yale maandishi madogo, nyingi utakuta zimeandikwa 6,000 na kitu kwa volti 5. Hawajakudanganya, ndo hesabu ilivyo, kilichoongezwa kwenye volti kimetolewa kwenye ampea, ule wingi wa umeme unaopita, na kidogo kimepotea kwa joto.

Sasa kipaneli chako ni wati 1, na wati ni volti mara ampea, kwa hiyo kwa volti 6 ni ampea 0.17 tu, na hapo jua la saa sita halina hata wingu. Pandisha volti ziwe 12 unabaki na ampea 0.08 na bado hujatoa inayopotea, na pampu inataka ampea 1 nzima! Ukipima na mita kabla ya kufunga pampu utaona 12 safi kabisa ufurahi, ukiichomeka tu volti zinaporomoka na pampu haizunguki, ndo hapo watu wanasema saketi mbovu wanakwenda kununua nyengine.

Transfoma nayo ni hivyo hivyo. Umeme wetu huku Pemba tangu 2010 unapita chini ya bahari kutoka Tanga kwa volti 33,000, makusudi ampea ziwe chache waya usiule njiani, ukifika mitaani transfoma zinashusha volti ndo ampea zinapanda. Vyote viwili pamoja haviongezeki, wati hazizaliwi kwenye saketi.

Ila ukisubiri unavipata. Mfereji unaodondoka tone tone ukiuwekea ndoo kutwa, jioni unamwaga maji yote kwa mpigo. Kwa hiyo chaji betri ndogo ya volti 12 kwa hicho kipaneli na hiyo saketi, jua zuri la muda wa masaa matano litakuwekea kama wati-saa 3 hivi (wati-saa ni wati mara masaa), pampu yako ya wati 12 itakwenda robo saa na kwa kitalu cha miche si haba. Lakini mie ningekuwa wewe ningetafuta paneli ya wati 20 ya volti 12, pampu ikaenda jua likiwa juu bila ya saketi yoyote.

Nipigie picha kibandiko cha kwenye pampu unitumie, nataka kuona kama kweli ni ampea 1 maana nyengine zinakula 3. Wasalimie nyumbani wote, mama khasa.