Mwanangu, kabla hujashika mwiko Oldupai

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, sisi wazima. Kabla hamjaenda bonde la Oldupai kwa mafunzo ya kuchimba mabaki ya kale, mfahamu mwanaakiolojia Mary Leakey. Huku Kigoma anayetajwa zaidi ni mumewe, Louis, maana ndiye aliyemtuma Jane Goodall Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Louis alijua kuzungumza. Mchimbaji hasa alikuwa Mary.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kambini na homa, Mary aliona mfupa na meno yakichungulia mteremkoni. Hawakuyang'oa. Walipafunika kwa mawe, wakamsubiri mpiga picha Des Bartlett, ndipo wakachimba. Lile ndilo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, la miaka kama milioni 1.75.

Kwa nini wasubiri? Umri wa fuvu lile haukupimwa kwenye mfupa. Yalipimwa majivu ya volkano ya tabaka lake. Ukiokota kitu bila kuandika kilipokuwa, umri wake umeupoteza. Kwa hiyo gawa eneo kwa kamba, mraba wa mita moja moja. Kwaruza kwa mwiko, ule wa mwashi, kidogo kidogo. Karibu na mfupa tumia brashi na kijiti. Pima kutoka pande mbili za mraba, kisha kina, chora, piga picha yenye kipimo na alama ya kaskazini, ndipo utoe. Udongo uliobaki uchekeche, kwani meno madogo hupotelea humo. Angalia pia mashimo ya panya: hushusha vitu vya juu hadi tabaka la chini, na wengi hudanganyika hapo.

Laetoli, eneo lililo kusini mwa Oldupai, ndiyo itakayokufundisha zaidi. Mwaka 1978 timu ya Mary ilianza kufunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita: mita 27 hivi, kwenye majivu yaliyoloa mvua yakakauka yakawa magumu. Baada ya kuzinakili zilifukiwa kwa mchanga wa mtoni, juu yake mawe. Wazo zuri, ila mchanga ulikuwa na mbegu za migunga. Udongo uliotifuliwa ukatunza unyevu, miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kwenye nyayo. Mwaka 1995 na 1996 ikabidi pafunuliwe upya, mizizi ikatwe, pafukiwe tena kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Mary alifariki Desemba 1996. Kwangu mimi, kufukia ni kazi nzito kuliko kufukua, na wanafunzi hawaipendi kwa kuwa haina picha ya kujivunia.

Ukimwona mwalimu anayeifahamu Laetoli, mwulize kuhusu nyayo nyingine zilizotangazwa mwaka 2016 na Watanzania Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao, kama mita 150 kutoka zile za kwanza. Zilionekana walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio pale palipopangwa kujengwa makumbusho. Mwulize mashimo yale walichaguaje pa kuyaweka, uniandikie.

Baba yako anakusalimu. Beba kofia pana, vumbi la kule halina huruma.

Mama yako