Kinachoangusha nyaya ni majani, si wingi wa theluji

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza katika ukurasa huu inakuwaje watu waliozaliwa na theluji wakae gizani kwa sababu ya theluji. Kazi yangu ni kupogoa miti iliyo kando ya nyaya za umeme hapa Connecticut, Marekani. Naomba nafasi nimjibu, maana swali lake ni zito.

Theluji ya Januari huikuta miti mingi imeshapukutisha majani. Hupita katikati ya matawi ikaanguka chini, na baridi ikiwa kali huwa kavu kama unga, upepo ukaipeperusha. Ya Oktoba ni nyingine kabisa. Hewa huwa karibu na nyuzi sifuri, theluji imejaa maji na inanata, na mti bado umevaa majani yake mengi. Mita moja ya ujazo ya theluji kavu iliyoanguka punde ina uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi. Ile ya majimaji hupita kilo 200 bila shida. Ardhi nayo haijaganda, kwa hiyo ikilowa, mti mzima hung'oka na mizizi yake.

Tarehe 29 Oktoba 2011 tuliyaona hayo yote. Usiku kucha matawi yalikatika kwa mlio mkavu, kisha upande wa nguzo anga ikamulika rangi ya kijani na buluu, na mtaa mwingine ukaingia gizani. Wateja zaidi ya 800,000 walikosa umeme katika jimbo hili pekee, wengine kwa zaidi ya wiki nzima. Uwanja wa ndege wa Bradley ulipata kama sentimita 31 tu za theluji. Januari ya mwaka uleule ulikuwa umepata zaidi ya mara nne ya hizo, na hatukuona maafa ya namna ile. Hata Buffalo, mji wa jimbo la New York usiotishwa na theluji, ulivunjikiwa miti kwa maelfu tarehe 12 na 13 Oktoba 2006.

Baada ya dhoruba huwa hawakosi wanaotaka miti yote ya kando ya barabara ikatwe. Nawapinga kwa nguvu zangu zote. Mti uliopogolewa vizuri hubeba mengi. Tawi la kuogopa ni lile lililobanana na shina kwa pembe nyembamba. Likipasuka utakuta gome limefungiwa ndani, mahali ambapo mbao zilipaswa kushikana. Hilo huondolewa mapema, likiwa bado jembamba, wala haliachwi mpaka linene kama paja. Ubaya zaidi ni kuukata mti kichwa ili usifikie waya: huchipua fimbo nyingi ndefu zilizoshikilia juu juu tu, na dhoruba ikija ndizo zinazotangulia kuangukia nyaya. Chini ya waya panda mti ambao hata ukikomaa haufiki juu.

Wapo wasomaji wenu wenye ndugu huku, nao nawaambia haya. Tawi lililoinama kwa mzigo usilitikise. Sukuma theluji kwa ufagio toka chini kwenda juu, taratibu, na kama kuna waya karibu usiliguse kabisa. Matawi mengi yaliyoinama hujiinua yenyewe theluji ikiyeyuka. Waya uliolala chini uhesabu bado una umeme, kaa mbali angalau mita 10. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kamwe isiwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Mwaka 2011 hewa ya sumu iliua watu ambao dhoruba yenyewe haikuwagusa. Wala usiichomeke kwenye soketi ya ukutani, maana umeme hurudi kwenye nyaya ukamuua fundi aliye juu ya nguzo.

Na jambo moja linalowaliza wengi: lile bomba la ukutani linalopokea waya kutoka barabarani, kwa kawaida hapa ni la mwenye nyumba. Likipinda, mafundi wa shirika la umeme hawaunganishi mpaka uite fundi wako alitengeneze. Watu hukaa wakisubiri gari la shirika, kumbe wao ndio wanaosubiriwa.

Tafadhali, Mhariri, chapisheni maelezo haya tena kila Septemba, kabla majani hayajaanza kudondoka.

Mpogoaji miti,
Connecticut, Marekani